Mvua ya Wastani ni Kiasi Gani?

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, wiki chache kabla ya msimu wa mvua kuanza. Nilikuwa nimealikwa kueleza utabiri wa msimu. Nilieleza kwa ufasaha, au ndivyo nilivyojidhania, kwamba mvua zilitarajiwa kuwa za wastani. Baada ya kimya kifupi mama mmoja wa makamo alisimama, akauliza: "Mwalimu, hiyo ya wastani, mahindi yanakomaa au hayakomai?"

Sikuwa na jibu. Shahada yangu ya uzamivu, niliyoitafuta ng'ambo kwa miaka minne, ilihusu mienendo ya pepo juu ya Bahari ya Hindi. Hakuna mtahini aliyewahi kuniuliza habari za mahindi.

Swali la mama yule lafaa lichunguzwe, kwani ndani yake mna kasoro kubwa ya huduma zetu za hali ya hewa. Katika lugha ya kila siku, kitu cha wastani ni kitu kisicho haba: hakikuzidi, lakini chatosha. Mtaalamu wa hali ya hewa hakusudii hivyo. Yeye huchukua kumbukumbu za mahali fulani kwa miaka 30, kwa mfano tangu 1991 hadi 2020, akaipanga misimu yote kuanzia ule mkavu kabisa hadi ule wa mvua nyingi kuliko yote, kisha akaigawa katika mafungu matatu ya misimu kumi kumi. Fungu la katikati ndilo aliitalo wastani. Kwa hiyo neno hili halisemi kama mvua yatosha. Lalinganisha mahali na mahali pale pale. Mjini Bukoba, ambako hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, wastani ni neema. Mjini Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, mkulima wa mahindi aweza kupata wastani kamili na ghala lake likabaki tupu.

Tena utabiri wenyewe ni wa uwezekano. Mtaalamu aweza kusema kwamba uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani ni asilimia 45, wa kuwa za wastani asilimia 35, na wa kuwa chini ya wastani asilimia 20. Habari hiyo ifikapo kijijini, aghalabu imebaki kuwa "mwaka huu mvua nyingi". Ile asilimia 20 imepotea njiani, nayo ndiyo iliyompasa mwenye gunia moja tu la mbegu aijue. Zaidi ya hayo, mkulima wa Kongwa haulizi jumla ya milimita. Auliza mvua ya kupandia itakuja lini, na kile kipindi cha ukavu ambacho mara nyingi huingia mwezi Februari kitakuwa kirefu kiasi gani. Jumla ya msimu yaweza kuwa nzuri, na mahindi yakanyauka yakiwa katika kutoa mbelewele.

Haya hayakutokea kwa uzembe. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe Kuu ya Afrika, yetu ikiwamo, wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ili kuafikiana juu ya utabiri mmoja, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini kwa muda mrefu mtumiaji alihesabiwa kuwa ni mtu wa kupelekewa habari iliyokwisha kuandaliwa. Mkutano wa Tatu wa Dunia wa Tabianchi, uliofanyika Geneva mwaka 2009, ulianzisha Mfumo wa Kimataifa wa Huduma za Tabianchi, na miongoni mwa nguzo zake tano moja ni ya kuwakutanisha watumiaji na watoa habari. Tanzania na Malawi zilikuwa nchi za mwanzo za Afrika kuujaribu mfumo huo kwa vitendo. Hapa kwetu zilichaguliwa wilaya za Kiteto na Longido.

Njia mojawapo iliyotumika huko ilibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, nayo yafaa ielezwe kwa kirefu. Miezi kadhaa kabla ya kupanda, bwana shamba hukaa na wakulima mbele ya karatasi kubwa yenye kumbukumbu za kituo cha mvua kilicho karibu nao. Tuchukue mfano wa kubuni. Kila msimu umechorwa kama mti uliosimama, na urefu wa mti ni idadi ya siku tangu mvua ya kupandia hadi mvua ya mwisho. Miti ni 30. Mbegu fulani ya mahindi yahitaji siku 120. Mkulima huweka rula penye 120, akaihesabu miti iliyoivuka rula: tisa. Maana yake ni misimu mitatu katika kila kumi. Huishusha rula hadi siku 90, zinazotosha mbegu ya muda mfupi. Miti iliyovuka ni 21, yaani misimu saba katika kumi. Hakuna aliyemwamuru apande nini. Amehesabu mwenyewe, na kama ana mtoto anayesomea mjini kwa fedha za mahindi, ajua mwenyewe ni hatari kiasi gani aweza kuibeba. Utabiri wa msimu utolewapo baadaye, hauji peke yake kama amri, bali huongezwa juu ya hesabu aliyokwisha kuifanya.

Mfugaji wa Longido, bila shaka, ana maswali mengine. Yeye hataki kujua siku ya kupanda. Ataka kujua malisho na maji yatadumu hadi lini, ili aamue kuhamisha ng'ombe au kuwauza wakiwa bado na nyama. Mvuvi huuliza habari za upepo. Kumwita kila mmoja wao "mtumiaji" ni kurahisisha mno.

Wako pia watumiaji ambao wao wenyewe ni watabiri. Huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa kutabiri mvua, kwa kuangalia mimea, wadudu na ndege. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikubali kuketi na wazee hao, kila upande ukaleta utabiri wake, na kutoka katika mazungumzo likapatikana tamko moja. Sisemi kwamba kila dalili ya wazee ina msingi wa kisayansi. Nasema tamko linalosikika pia kwa sauti ya mzee anayeaminika hufuatwa.

Wala mtumiaji si lazima awe amesema kweli daima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu nyanda kavu za mashariki ya Kenya ulionyesha kwamba wakulima waliamini mvua imepungua, hali vipimo havikuthibitisha upungufu huo. Huenda kilichopungua ni rutuba ya udongo. Mazungumzo ya namna hii huwezekana pale tu karatasi ya vipimo inapowekwa mbele ya wote wawili.

Kilio changu ni kimoja. Fedha za kutangaza utabiri hupatikana. Fedha za kurudi kijijini baada ya mavuno, kuuliza uliwafaa nini, hazipatikani kwa urahisi. Niliwahi kuziomba mahali fulani nikajibiwa kwamba kurudi si utafiti.

Kongwa nilirudi hata hivyo, nikiwa na karatasi yangu ya miti. Mama yule aliihesabu mara mbili, akaamua kupanda uwele sehemu kubwa ya shamba na mahindi kidogo bondeni. Kisha akauliza kituo kilichopima mvua hiyo kiko wapi. Nilipomtajia, alitikisa kichwa: "Mvua ya huko si ya huku, Mwalimu." Alisema kweli. Tuliweka kipimamvua katika uwanja wa shule ya msingi, na wanafunzi husoma kiasi cha maji kila siku saa tatu asubuhi na kuandika katika daftari. Daftari la kwanza limejaa, na mwalimu mkuu ameniletea ujumbe kwamba wanataka la pili.