Ujumbe Mmoja, Hatari Tatu: Tupambanue Kwanza, Kisha Tutende



Tuseme ni Jumamosi jioni, hapa Uvira. Ujumbe unaingia katika kundi la WhatsApp la kwaya. Mchungaji anasema ana mgonjwa Bujumbura, anaomba dola hamsini kwa simu, atarudisha kesho. Jina ni lake, picha ni yake. Mmoja anatuma pesa. Mwingine anaandika kwamba simu ya mchungaji ina virusi. Wa tatu anashauri laini itupwe. Wote wana nia njema, lakini hakuna aliyeuliza swali la kwanza: tatizo hili ni la aina gani?

Sisi wa mwambao huu tunalijua swali hilo kutokana na kipindupindu. Mtu akifikishwa hospitalini akiwa amelegea, wauguzi hawampi dawa ya kwanza iliyo karibu. Wanapambanua. Mwenye kipindupindu anatengwa na kurudishiwa maji mwilini mara moja. Mwenye malaria anapimwa damu na kupewa dawa nyingine. Udhaifu unaweza kufanana kwa macho, lakini tiba hazifanani.

Wanaolinda kompyuta wanafanya vivyo hivyo. Novemba 1988 programu moja iliyojisambaza yenyewe iliangusha maelfu ya kompyuta kwenye intaneti, ambayo wakati ule ilikuwa bado changa. Baada ya hapo kikundi cha kwanza cha kushughulikia matukio kama hayo kiliundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Leo Kenya na Tanzania zina vikundi vyao vya taifa. Kazi yao ya mwanzo, kila taarifa inapofika, ni kuipanga katika aina yake: udanganyifu, uvamizi wa akaunti, programu yenye madhara, huduma kukatika, au siri kuvuja. Aina ndiyo inayosema hatua ya kwanza ni ipi.

Turudi kwenye ujumbe wa mchungaji

Ujumbe ule unaweza kuwa na asili tatu.

1. *Namba ni ngeni.* Mtu amechukua picha na jina la mchungaji na kuviweka kwenye namba yake. Huu ni udanganyifu. Simu ya mchungaji ni nzima, haina haja ya kuguswa. Hatua ya kwanza ni kuwaonya washirika, kuitoa namba ile katika kundi na kuiripoti.

2. *Namba ni ya mchungaji mwenyewe.* Hapa akaunti imevamiwa, mara nyingi kwa sababu mwenyewe alidanganywa akatoa msimbo wa tarakimu sita. Hatua ya kwanza ni kuisajili namba upya katika WhatsApp. Msimbo mpya utakuja kwa SMS, na akiuingiza, mvamizi anatolewa. Kama mvamizi alikuwa ameweka namba yake ya siri, mchungaji atasubiri siku 7 ndipo arudi. Akisharudi, aweke namba ya siri yake na kuangalia kama kuna kifaa kigeni kilichounganishwa.

3. *Namba ni yake, na simu yake imepoteza mtandao ghafla,* ilhali jirani mwenye kampuni ile ile anapiga bila shida. Huenda mtu amejipatia laini nyingine yenye namba hiyo. Tiba ya pili haitasaidia hapa, kwa maana SMS itamfikia mwizi. Hatua ya kwanza ni kukimbilia ofisi ya kampuni ya simu na kadi ya mpiga kura, laini na akaunti ya pesa vifungwe.

Katika 1 Wafalme 21 tunasoma habari za Yezebeli, aliyeandika barua kwa jina la Ahabu na kuzitia muhuri wa mfalme. Muhuri ulikuwa wa kweli, lakini mwandishi hakuwa mfalme. Wazee walitii bila kuuliza, Nabothi akauawa. Basi hata namba ikiwa ya kweli, tumpigie mwenyewe tusikie sauti yake, au tufike nyumbani kwake, kabla ya kutuma chochote.

Aina nyingine zinazotupata

Kompyuta ya ofisi ikianza kuficha mafaili baada ya kuchomekwa flashi, hiyo ni programu yenye madhara. Itenganishwe na mtandao, na flashi ile isihamishiwe kompyuta nyingine. Lakini intaneti ikikatika mji mzima, hilo ni jambo jingine. Baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilifungwa nchini kwetu kwa takriban wiki tatu. Kufuta programu za simu yako siku kama hizo ni kazi bure.

Aina tunayoisahau zaidi haina mwizi wala virusi. Tuseme orodha ya familia zilizokimbia vita, yenye majina, mitaa na namba za simu, imetumwa kwa makosa katika kundi kubwa. Kompyuta zote zinafanya kazi vizuri, kwa hiyo tunaona hakuna tukio. Kumbe hili ndilo zito kuliko yote. Dola hamsini zinaweza kuchangwa tena. Orodha ikifika mikononi mwa anayewatafuta watu hao, hairudi. Ifutwe mara moja kwa wote, tujue nani ameiona, na familia zenyewe ziambiwe bila kuficha.

Ndiyo maana baada ya aina tunapima uzito: je, bado linaendelea? Linawagusa wangapi? Kinachopotea kinaweza kurudishwa? Tukio linalohatarisha uhai linatangulia lile la pesa, hata kama wa pesa ndio wanaopiga kelele zaidi.

Tunaomba kila kanisa mahalia lichague watu wawili wa kupokea taarifa hizi, wawe na daftari la kuandika saa, namba na kilichotokea, pamoja na namba muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi. Aliyedanganywa asiaibishwe mbele ya wengine. Akiogopa kuchekwa atanyamaza, na ujumbe ule ule utamfikia mjane wa jirani kesho yake.

Bwana atupe utulivu wa kupambanua.