Taka Katika Kisiwa Kisichofikiwa na Gari: Ulinzi Huanzia Kisimani

Na Mwandishi Wetu

CHOMBO kinapotia nanga mbele ya Kijiji cha Jibondo, katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani, hushushwa magunia ya mchele na unga, madumu ya mafuta ya kula, katoni za sabuni, biskuti na maji ya chupa. Kinapong'oa nanga hubeba samaki, pweza na abiria. Mifuko, chupa na makopo yaliyobeba bidhaa zile hayarudi. Hubaki kisiwani, na kila safari ya chombo huongeza mengine.

Hali hiyo inafanana katika visiwa jirani vya Chole na Juani na katika vijiji vingi vya mwambao ambako barabara huishia kabla ya kufika. Mjini, swali la taka hujibiwa kwa gari linalopita mtaani na dampo lililo mbali na makazi. Katika kisiwa kidogo hakuna gari la taka, na hakuna mahali palipo mbali. Makala haya yanaeleza kwa nini suala la taka katika vijiji vya namna hiyo ni suala la maji ya kunywa kabla ya kuwa suala la usafi wa ufukwe, na ni hatua zipi ambazo kijiji chenyewe kinaweza kuzichukua.

Maji yanayoelea juu ya chumvi

Visiwa hivi ni vya mwamba wa matumbawe na mchanga, havina mito. Maji baridi yapatikanayo ardhini ni ya mvua iliyopenya katika vinyweleo vya mwamba. Kwa kuwa maji hayo ni mepesi kuliko maji ya bahari, huelea juu yake kama tabaka jembamba. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takribani mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kisiwa kikiwa kidogo na tambarare, akiba hiyo huwa ndogo pia, na ndiyo maana katika kisiwa kama Jibondo maji baridi ni adimu na kila tone la mvua lina thamani.

Mwamba uleule unaoruhusu mvua kupenya haraka huruhusu pia uchafu kupenya haraka. Udongo mzito wa bara huchuja maji taratibu. Mwamba wa matumbawe una nyufa na mapango madogo yanayopitisha maji karibu bila kuyachuja. Betri iliyotupwa jalalani, mafuta machafu ya mashine ya boti, au choo kilichochimbwa hadi kugusa maji, vyote huishia katika tabaka lilelile wanalochotea wananchi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kisima kimoja kikiharibika mjini, bomba jingine hufunguliwa. Kisima kimoja kikiharibika kisiwani, akina mama hupanda mtumbwi kufuata maji.

Kuchoma na kutupa baharini si suluhisho

Njia mbili zilizozoeleka ni kuchoma taka nyuma ya nyumba na kuzimwaga majini wakati wa maji kupwa. Kuchoma hupunguza ujazo wa taka, lakini plastiki inayoungua kwa moto mdogo hutoa moshi wenye sumu, na majivu yake huoshwa na mvua na kuingia ardhini. Taka zinazomwagwa baharini hurudishwa na maji yajaayo, au hunasa kwenye matumbawe na nyasi za bahari ambako samaki huzaliana. Kasa hudhani mfuko unaoelea kuwa ni kiwavi cha bahari, ambacho ni chakula chake. Wavu wa nailoni uliotelekezwa huendelea kunasa samaki kwa muda mrefu bila mvuvi yeyote kunufaika.

Ni kweli pia kwamba si kila taka ya ufukweni imetupwa na mwanakijiji. Mwaka 2019, katika Kisiwa cha Aldabra nchini Shelisheli, ambacho hakina makazi isipokuwa kituo cha utafiti, wafanyakazi na watu waliojitolea waliondoa takribani tani 25 za taka zilizoletwa na mawimbi. Pepo za kusi na kaskazi hubeba taka kama zilivyobeba majahazi. Kwa sababu hiyo, usafi wa ufukwe ni kazi ya kudumu, wala haustahili kuwa kisingizio cha kuwalaumu wakazi pekee.

Mafungu matatu

Hatua ya kwanza isiyohitaji fedha nyingi ni kutenganisha taka nyumbani katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile vinavyooza: maganda, mabaki ya chakula, matumbo ya samaki na majani. Hivi havihitaji kuondoka kisiwani. Vikifukiwa katika shimo fupi, lililo mbali na kisima na lisilofika kwenye maji, kwa kupishanishwa na majani makavu na udongo, huwa mboji, jambo lenye manufaa makubwa mahali ambapo udongo ni haba. Wenyeji wa mwambao wanaifahamu hekima hii tangu zamani: makumbi ya nazi husokotwa kamba, vifuu huwa kuni, na makuti huezeka paa.

Fungu la pili ni vile visivyooza lakini visivyo na sumu kali: chupa za plastiki, makopo, vyuma, kioo na nyavu chakavu. Hivi ndivyo vinavyopaswa kuondoka. Magunia yaliyokuja na mchele yanaweza kurudi na chupa zilizokandamizwa, ndani ya chombo kilekile, hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya, na kutoka hapo kuvuka hadi Nyamisati na kuwafikia wanunuzi wa plastiki na vyuma chakavu bara. Jambo la lazima ni makubaliano kati ya kijiji na manahodha kuhusu siku, idadi ya magunia na nauli yake.

Fungu la tatu ni la hatari: betri za tochi na za sola, mafuta machafu, makopo ya dawa za wadudu na taka za zahanati. Betri za sola zina risasi na tindikali. Zihifadhiwe kwenye chombo kisichovuja, chini ya paa, hadi zitakaposafirishwa. Sindano na nyembe za zahanati ziwekwe katika masanduku maalumu ya usalama na kuteketezwa katika kichomea taka, nayo majivu yawekwe katika shimo lililojengewa. Taka za aina hii zisichanganywe kamwe na za majumbani, kwa kuwa watoto ndio huwa wa kwanza kufukua jalala.

Sheria ipo mikononi mwa kijiji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu. Sheria hiyo pia inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Jalala lililo juu ya mstari wa maji kujaa, basi, halina uhalali hata kama limezoeleka. Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, hatua iliyopunguza aina moja ya taka kabla haijapakiwa chomboni.

Kijiji chenyewe kina mamlaka kamili ya kuanza. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inaweza kuandaa sheria ndogo, kuiwasilisha kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji unaowajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kisha kuipeleka Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe. Kamati ya Huduma za Jamii na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za fukwe ni vyombo vinavyofaa kuisimamia. Kwa vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, ushirikiano na uongozi wa hifadhi ni wa lazima.

Swali la gharama lisikwepwe. Kwa mfano, kijiji chenye kaya 200 kikikubaliana mchango wa shilingi 500 kwa kaya kila mwezi, hukusanya shilingi 100,000. Fedha hizo haziwezi kujenga dampo la kisasa, lakini zinaweza kulipa nauli ya magunia na posho ya mtu wa kuyapanga. Mapato na matumizi yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji wa kila miezi mitatu. Mwananchi hutoa mchango wa pili pale alipoona matumizi ya ule wa kwanza.

Thamani iliyofichika

Kwamba taka za ufukweni zina thamani limethibitishwa na majirani zetu wa Lamu, nchini Kenya. Mafundi wa majahazi walitumia takribani tani 10 za plastiki, zikiwamo ndara zipatazo 30,000, kuunda chombo chenye urefu wa mita 9 kiitwacho Flipflopi. Mapema mwaka 2019 kilisafiri takribani kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, kikitia nanga katika vijiji vya njiani kutoa elimu. Ufundi wa kuunda vyombo umo pia Mafia. Kinachosubiriwa ni malighafi iliyokusanywa, kuoshwa na kutenganishwa.

Hata hivyo, kijiji kisisubiri kiwanda. Kazi ya kwanza ni kuorodhesha visima vyote, kupima umbali wake kutoka kwenye majalala na vyoo, na kuhamisha kilicho karibu mno kabla ya mvua za masika. Kazi ya pili ni kuzungumza na nahodha. Chombo kilichozoea kuleta mizigo kikianza kuondoka na magunia ya chupa na makopo, visima vitakuwa salama zaidi kwa watoto watakaochota maji humo miaka ijayo.