Figo, Kibuyu cha Maziwa na Lugha ya Idhini

Elimu ambayo mwanafunzi hawezi kuisimulia nyumbani kwao ni mzigo aliotwikwa, si mali aliyoipata. Mimi ni mwanaisimu, si mwanabiolojia, na huenda baadhi ya wasomaji wakauliza nina haja gani na mambo ya bakteria na ya upasuaji. Haja yangu ni moja: sayansi husafiri kwa gari la lugha, na gari hilo likikwama njiani, abiria wanaoumia si walimu wala wataalamu bali ni wagonjwa.

Tuchukue mfano wa Nuu, mashariki ya Mwingi katika Kaunti ya Kitui, penye vilima vinavyoitwa kwa jina hilo hilo. Mtoto wa Nuu huzungumza Kikamba nyumbani, Kiswahili anapokutana na wageni, na Kiingereza anapofunzwa biolojia katika shule ya upili. Katika nyumba nyingi za huko, mwanafunzi huyo ndiye mkalimani wa ukoo. Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya, akiandikiwa dawa au akipewa barua ya rufaa, karatasi hiyo husomwa na mjukuu. Mjukuu akiielewa, nyumba nzima imeelewa. Akiikariri tu, nyumba nzima imebaki gizani.

Katika mtaala wa 8-4-4, mada mbili muhimu zilipangwa katika kidato cha pili: jinsi seli zinavyojipatia nishati, na jinsi figo zinavyotoa taka mwilini. Aghalabu mwanafunzi huziona kama sura mbili za kitabu zisizojuana. Nimewauliza wanafunzi wengi, kwa Kiswahili, swali hili: kwa nini figo inayosafirishwa ili apandikizwe mgonjwa huwekwa kwenye barafu? Wengi hunijibu kwamba ni ili isioze, kama nyama. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini limeiacha sayansi yenyewe mlangoni. Nao wanaonipa jibu hilo ndio hao hao wanaoweza kuandika, kwa Kiingereza kisicho na dosari, maana ya kupumua bila oksijeni.

Tatizo la kwanza limo katika neno lenyewe. Kwa Kiswahili, kupumua ni kuvuta hewa na kuitoa. Mwanafunzi akiambiwa kwamba seli inapumua, akili yake hutafuta pua na mapafu. Akiambiwa kwamba kuna bakteria wanaopumua pasipo hewa, huona kitendawili. Mwalimu afanye nini? Aseme waziwazi kwamba hapa neno limepewa kazi mpya: seli kupumua ni seli kuvunja chakula ili ipate nishati. Wataalamu wetu hawakulala. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi tunazo. Tunachokosa ni mazoea ya kuzitumia, na subira ya kuzieleza.

Haya, na tuieleze. Seli ikipata oksijeni, chembe moja ya sukari aina ya glukosi huiwezesha kutengeneza takriban chembe 30 za ATP, ambayo ni sarafu ya nishati mwilini. Ikikosa oksijeni, glukosi ile ile huvunjwa nusunusu tu na faida yake ni chembe 2. Tofauti hii ni kama ya mkulima aliyevuna magunia thelathini na jirani yake aliyevuna mawili katika shamba la ukubwa ule ule. Wa magunia mawili anaweza kuishi, lakini ni lazima matumizi yake yawe madogo sana.

Viumbe wa matumizi madogo wapo, na watu wa Nuu wamekaa nao tangu jadi. Maziwa yaliyotiwa kibuyuni yakafunikwa huchacha na kuganda kwa sababu bakteria waliomo huivunja sukari ya maziwa bila kutumia oksijeni, na taka yao ni asidi. Mwaka 1780 mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga asidi hiyo kutoka maziwa yaliyochacha, nayo ikapata jina la laktiki kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya maziwa. Kwa hiyo istilahi inayowatisha wanafunzi haina uchawi wowote: asidi ya laktiki ni asidi ya maziwa. Uki, pombe ya jadi ya Wakamba, ni ndugu wa karibu wa jambo hilo, ila mfanyakazi wake mkuu ni hamira na taka yake ni kileo. Aliyeonyesha kwamba kuna vijidudu vinavyoishi pasipo hewa ni Louis Pasteur wa Ufaransa, mwaka 1861.

Si wote katika jamii hiyo wanaotuletea mema. Bakteria wa pepopunda hushindwa kukua penye oksijeni. Mbegu zake hukaa mchangani na katika kinyesi cha mifugo, zikisubiri. Mwiba ukichoma mguu kwa kina na jeraha likajifunga juu, ndani hubaki tundu lisilofikiwa na hewa, na humo mbegu huamka na kutoa sumu inayokakamaza misuli. Mjapani Kitasato Shibasaburo alifaulu kumkuza bakteria huyo peke yake mwaka 1889 mjini Berlin kwa kuiondoa hewa ya kawaida na kuweka gesi ya haidrojeni. Neno pepopunda lina pepo ndani yake, na mwanafunzi anayelitamka bila kuelezwa chanzo cha ugonjwa anaweza kumtafuta pepo badala ya kutafuta maji safi, sabuni na chanjo. Hatuna haja ya kulifuta neno. Tuna haja ya kulijaza maana.

Sasa twende kwenye figo, maana hapa sura mbili za kitabu hukutana. Seli ya figo si bakteria wa kibuyuni. Matumizi yake ni makubwa, kwani kazi yake ya kuchuja damu na kurudisha chumvi mahali pake haikomi usiku wala mchana. Daktari akiutoa mshipa unaoiletea damu, oksijeni hukatika papo hapo. Seli hulazimika kuishi kwa magunia yale mawili, na asidi ya laktiki, ile ile ya kibuyu, huanza kujaa ndani yake. Pampu za chumvi hukosa nishati, maji huingia, seli huvimba na hatimaye hufa. Katika joto la mwili, madhara makubwa huja kabla saa nyingi hazijapita.

Ndiyo maana ya barafu. Figo ikitolewa huoshwa ndani kwa maji maalumu ya baridi na kuhifadhiwa karibu na nyuzi 4 za selsiasi. Baridi hairudishi oksijeni, hupunguza mahitaji. Ni kama kumwambia mwenye magunia mawili asinzie mpaka mvua inyeshe. Maji yaliyobuniwa na Folkert Belzer na James Southard katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1980, yalisaidia kuihifadhi figo kwa muda wa siku moja na hata zaidi. Mwanafunzi aliyeelewa hili hatasema tena kwamba figo imewekwa kwenye barafu kama nyama.

Upasuaji wenyewe nao unaelezeka kwa maneno ya kawaida. Kazi ngumu ni kushona mishipa ya damu ili isivuje wala isizibe. Mfaransa Alexis Carrel alitangaza njia yake mwaka 1902, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Alitia nyuzi tatu pembezoni mwa mdomo wa mshipa, akazivuta, na duara likawa pembetatu. Kila upande ukanyooka, na sindano ikapita bila kunasa ukuta wa pili. Yeyote aliyewahi kumtazama mama wa Kikamba akifuma kiondo anajua thamani ya kuuvuta uzi kwa kipimo.

Figo mpya haiwekwi pale ilipokuwa ya zamani. Huwekwa chini, upande mmoja wa tumbo karibu na nyonga. Mshipa wake wa kuleta damu huunganishwa na mshipa mkubwa unaopita nyongani, wa kurudisha damu vivyo hivyo, kisha mrija wa mkojo huunganishwa na kibofu. Figo za zamani aghalabu huachwa mahali pake. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu kwa muda mrefu ulifanywa Boston tarehe 23 Desemba 1954 na Joseph Murray na wenzake, baina ya ndugu wawili pacha wa kufanana. Kwa kuwa miili yao ilikuwa kama mmoja, figo haikukataliwa. Mgonjwa asiye na pacha wa namna hiyo humeza dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo, na humeza kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Tazama basi uzito wa neno moja. Watu wengi husema "kubadilisha figo". Anayesikia hivyo hudhani kwamba mbovu itang'olewa na nzima itiwe pale pale, kama tairi la gari, na kwamba baada ya hapo shughuli imekwisha. Lakini Kiswahili kina neno bora, nalo ni kupandikiza. Mkulima anayeotesha miche analijua. Mche hung'olewa kwa uangalifu, mizizi haiachwi ikauke, huhamishwa wakati wa ubaridi wa jioni, na baada ya kupandwa hutunzwa kila siku. Mafunzo yote niliyoyataja hapo juu yamo ndani ya neno hilo. Kubadilisha humaliza habari. Kupandikiza huanzisha malezi.

Nchini Kenya, upandikizaji wa figo hufanywa katika Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na katika hospitali kadhaa za binafsi. Anayeombwa figo mara nyingi ni ndugu wa damu. Kaka ataambiwa kwamba binadamu mwenye afya anaweza kuishi kwa figo moja, lakini ni lazima achunguzwe kabla na afuatiliwe baadaye. Ataambiwa kwamba tangu mwaka 1995 ipo njia ya kuitoa figo kwa matundu madogo na kamera badala ya mkato mrefu, ingawa si kila mahali hutumiwa. Kisha ataletewa karatasi atie sahihi.

Hapa ndipo isimu inapoingia hospitalini. Sahihi ni alama ya mkono. Idhini ni uamuzi wa akili. Mtu anaweza kutoa ya kwanza bila ya pili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalijua jambo hili, kwani inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Haki imeandikwa. Lakini nani ataitekeleza ikiwa daktari alisomea neno hilo kwa Kiingereza peke yake, na mjukuu anayekalimani naye alilikariri kwa Kiingereza peke yake? Hao wawili watatazamana, na kaka atatia sahihi kwa sababu ya aibu, au atakataa kwa sababu ya hofu. Vyote viwili ni msiba: mmoja ametoa asichokijua, na mwingine amenyima asichokijua.

Wapo watakaonipinga kwamba mtihani ni wa Kiingereza, muda ni mfupi, na mwalimu wa biolojia si mwalimu wa lugha. Hoja hizo si za kudharau. Nami sisemi Kiingereza kifukuzwe darasani. Nasema mwalimu atenge dakika tano mwishoni mwa kila mada, amwite mwanafunzi mmoja, na kumwambia: tueleze kama unayemweleza susu. Atakaposema "seli inapumua", wenzake wamuulize inapumuaje bila pua. Atakaposema "asidi ya laktiki", wamtake ataje kibuyu. Mwalimu wa Kiswahili naye akiandaa insha na ufupisho, achague kifungu kuhusu figo au pepopunda badala ya kurudia kila mwaka faida za barabara na hasara za uvivu. Na wanafunzi wenyewe waunde daftari la istilahi: upande mmoja Kiingereza, wa pili Kiswahili, wa tatu lugha ya nyumbani.

Manufaa ya zoezi hilo hayaishii hospitalini. Mwanafunzi aliyelazimika kulieleza jambo kwa lugha ya pili hugundua mahali alipokuwa amekariri, kwa sababu hapo ndipo maneno humkatikia. Lugha ya nyumbani ni mtihani usioweza kuibiwa majibu.

Mwalimu mwenzangu, siku moja karatasi ya idhini itafika katika nyumba fulani huko Nuu, na mtu mmoja atageuzwa macho yote ili aisome na kuieleza. Mtu huyo sasa hivi yumo darasani mwako, ameketi kwenye dawati, anasubiri kengele.