Bao Huchezwa Mara Mbili

Kwenye mabaraza ya Shella, Malindi, mtu akifungwa bao haendi zake hivi hivi. Kiti anakiacha, maana zamu ni ya mwingine, lakini kabla hajavaa viatu atasikia mtu akimuuliza: "Ile kete ya mwanzo ulitaka ikufanyie nini?" Hapo mchezo wa pili umeanza. Wa kwanza ulikuwa wa watu wawili. Huu ni wa baraza zima, na ndio unaofunza.

Shella hii si Shela ya Lamu. Ni mtaa wa kale wa Waswahili wa Malindi, ulioshikana na bahari, karibu na Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya nguzo. Kama ilivyo Mji wa Kale wa Mombasa, baraza ni sehemu ya nyumba na pia ni sehemu ya mtaa: sakafu ni ya mwenye nyumba, mazungumzo ni ya watu wote. Watu hukusanyika baada ya sala ya alasiri na kutawanyika adhana ya magharibi ikilia. Mwezi wa Ramadhani saa hubadilika, wakakaa baada ya tarawehe mpaka daku likaribie. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, wavuvi huwa na nafasi zaidi na duara la watazamaji hupanuka. Kahawa chungu huzunguka, na kando ya bao utakuta karata, dhumna, keram au dama. Bao, hata hivyo, lina heshima yake. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa wa karne ya 19, alilitungia shairi.

Ili kuelewa kinachojadiliwa, sharti ubao uonekane. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64 ambazo hapa pwani aghalabu ni komwe. Kila mchezaji ana safu mbili. Mwanzoni kila mmoja huwa na kete 10 ubaoni: 6 ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kuliani mwake. Zilizobaki, 22, ziko mkononi, na huingizwa moja moja wakati wa kunamua. Zikiisha, hatua ya pili ya mchezo, mtaji, huanza. Ukitia kete katika shimo lako lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo likawa na kete pia, unazila na kuzimwaga upande wako, ukianzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele. Aliyemalizwa kete zote za safu ya mbele amefungwa.

Mpangilio huo wa mwanzo una mtego wake. Mashimo yenye kete ya mmoja yanatazamana na matupu ya mwenzake, kwa hiyo anayeanza hana cha kula. Hana budi kutakata, yaani kumwaga kete zake bila kula. Tuseme ametia kete katika shimo lililo jirani na nyumba. Sasa zimo tatu. Akizimwaga kulia, ya kwanza inaingia shimo linalofuata, ya pili kichwani, ya tatu inakunja kona na kulala safu ya nyuma. Mwenzake naye hana cha kula, atatakata. Akizimwaga kushoto, moja inaingia nyumbani na mbili zinakwenda kutua mbele ya kete za mwenzake, moja ikiikabili nyumba yake kabisa. Kijana anayejifunza hupenda huku kushoto, kwa kuwa macho yake yameshaganda kwenye ile nyumba nono iliyo mbele.

"Nilitaka kufungua njia, ami, ili nile nyumba."

"Utaila saa ngapi, mwanangu, na zamu ni yake?"

Swali hilo moja lina somo zima ndani yake. Kijana hakukosea kuhesabu kete, alihesabu vyema. Alisahau kwamba baada ya mkono wake unakuja mkono wa mwenzake. Mzee aliyemuuliza angeweza kumwambia tu "mwaga kulia", na kijana angemwaga kulia siku hiyo, kisha kesho akafanya kosa lile lile katika shimo jingine.

Kurudia bao si kazi nyepesi. Katika sataranji, farasi aliyekwenda pabaya unamrudisha alipotoka na mambo yameisha. Katika bao, zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa: kete zinamwagwa, zinakula, zinamwagwa tena, mpaka ya mwisho ilale katika shimo tupu. Anayetaka kuonyesha kosa la zamu ya sita lazima aujenge ubao upya kwa kumbukumbu, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Alex de Voogt, mtafiti wa Uholanzi aliyekaa na mafundi wa bao wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake Leiden mwaka 1995, aliuchunguza uwezo huo. Miongoni mwa mafundi wamo wanaoweza kucheza bila kuutazama ubao, wakifuata mizunguko yote kichwani. Kumbukumbu ya namna hiyo hainolewi na kucheza peke yake. Hunolewa na miaka ya kubishana kuhusu michezo iliyokwisha, mmoja akisema shimo lilikuwa na tatu, mwingine akiapa zilikuwa nne.

Ubishi huo una adabu zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Mchezo ukiendelea, mdomo ni huru lakini mkono umefungwa: mtazamaji anaweza kuguna, kucheka au kupiga kijembe, ila hagusi kete ya mtu. Mchezo ukiisha, aliyefungwa ndiye mwenye haki ya kusema kwanza, aeleze alichokuwa akikiona. Kijana akiliona kosa la mtu mzima hamwambii "umekosea". Huligeuza kuwa swali: "Ami, na lau ungeanzia kichwa cha kulia?" Mzee anaelewa, baraza linaelewa, na heshima ya mtu haijaguswa. Utani nao una kazi yake. Mtu akichekwa na watu wale wale atakaokaa nao kesho, kucheka kwao humpunguzia uchungu, akawa tayari kusikiliza. Kasoro moja ya desturi hii lazima isemwe: mabaraza ya bao ni ya wanaume, na wanawake wenye akili ya kuhesabu wamekosa nafasi hiyo ya kusoma hadharani.

Siku hizi mchezo mwingine umeingia mfukoni. Sataranji, iliyotoka India ikapita Uajemi na Uarabuni, leo hufika kwa kijana kupitia simu. Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010, haitozi hata senti, na Chess.com ina wachezaji wa nchi nyingi. Mwenye bando anapata mpinzani usiku wa manane. Hapo hakuna anayeuliza wewe ni mtoto wa nani, mwanamume au mwanamke. Mashindano ya mtandaoni yana mwendo wake. Katika yale ya kukimbizana na muda, ukifungwa unapewa mpinzani mwingine papo hapo, na kila dakika ya kutafakari ni pointi uliyomwachia mtu. Barazani anayefungwa hupisha, na katika kule kupisha akapata nafasi ya kuulizwa. Simuni hapishi mtu, wala haulizwi.

Mwaka 2020 uliisukuma dunia nzima upande huo. Korona ilipoingia, Kenya ilitangaza kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, na mwezi wa Aprili Kaunti ya Kilifi ikafungiwa kuingia na kutoka. Watu walikatazwa kukusanyika, na baraza bila mkusanyiko ni sakafu tu. Mwaka huo huo shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, likaandaa Olimpiadi ya kwanza ya mtandaoni. Fainali ilikuwa kati ya India na Urusi. Intaneti ikawakatikia wachezaji wawili wa India katikati ya michezo yao, na nchi zote mbili zikatangazwa mabingwa. Mtu wa Malindi aliyewahi kupotelewa na stima akiwa anakaribia kushinda atawaelewa vizuri.

Simu ina jambo moja ambalo fundi wa bao angelitamani: haisahau. Kila hatua imehifadhiwa, na programu kama Stockfish inaweza kuupitia mchezo wote kwa muda mfupi na kukuonyesha ulipoharibu. Uhodari wake hauna ubishi. Tangu mwaka 1997, kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov, binadamu wamezidi kuachwa nyuma. Lakini mtazame kijana anapoutumia msaada huo. Malkia wake alikwenda pembeni kula askari mmoja, mpinzani akaziba njia kwa farasi, malkia akanaswa. Programu inaweka alama nyekundu, inaonyesha kwamba ilifaa amfiche mfalme kwanza, na kumpa hesabu ya hasara. Kijana anatikisa kichwa, anafunga, anaanza mchezo mwingine. Kosa lake lilikuwa lile lile la anayemwaga kete kushoto: aliona cha kula, akasahau kwamba zamu inayofuata si yake. Programu imemwambia mahali alipokosea. Haikumuuliza alikuwa akitazama nini, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Mabingwa wa sataranji walilijua hilo kabla ya kompyuta kuwa na nguvu. Mikhail Botvinnik wa Umoja wa Kisovieti, aliyeshika ubingwa wa dunia kwa vipindi kati ya 1948 na 1963, alisisitiza kwamba mchezaji achambue michezo yake mwenyewe na auchapishe uchambuzi huo, ili wengine wapate kuukosoa. Ukiondoa karatasi na kalamu, hiyo ni desturi ya barazani: aliyecheza aseme kwanza, na aseme mbele za watu. Katwe, Kampala, nako watoto walijifunza sataranji wakiwa kundi katika mafunzo ya kocha Robert Katende. Phiona Mutesi, ambaye baadaye aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, alionyeshwa hatua za mwanzo na mtoto mdogo kuliko yeye. Aliyelijua jambo jana ndiye anayekumbuka vizuri lilivyokuwa gumu.

Kwa hiyo sioni sababu ya wazee kuilaani simu, wala ya vijana kuliona baraza kuwa mambo ya zamani. Anayecheza mashindano ya mtandaoni achague mchezo mmoja aliofungwa, aje nao alasiri. Programu ibaki imezimwa. Simu ipite mkono kwa mkono, na aliyefungwa aeleze kila hatua aliyoisitia, akijibu maswali hata ya asiyejua farasi anavyoruka, kwani swali la "na yeye atafanya nini?" halihitaji ufundi wa sataranji. Ubishi usipomalizika, ndipo programu iwashwe ihukumu, na hapo tofauti kati ya walichodhani na kilichokuwepo itakuwa somo la watu wote, si la mmoja. Wasichana nao waletwe kwenye duara hilo. Simu imeshawafungulia mlango ambao mabaraza ya bao hayakuwahi kuufungua.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na wengi huishia hapo: wanakubali, wanapeana mikono, wanaondoka. Shella humdai mtu kitu kimoja zaidi. Aliyekubali kwamba amefungwa hajamaliza mpaka aeleze alivyofungwa, na mwenzake wa kesho akanufaika na maelezo hayo.