Fahamu: 'Matembezi ya kustaajabu' ni nini, na baridi inahusikaje?

Ni matembezi mafupi ya mtu anayetafuta kwa makusudi kitu cha kumshangaza. Hahesabu hatua, na simu inabaki mfukoni.

Utafiti ulionyesha nini?

Mwaka 2020, Virginia Sturm wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wazee 52. Kila mmoja alitembea dakika 15 kwa wiki, kwa wiki nane. Kundi moja lilielekezwa kutafuta ya kustaajabisha. Jingine lilitembea tu.

Kwa ajili ya utafiti walijipiga picha pia, na hizo ndizo zenye uhondo. Katika kundi la kwanza, kadiri wiki zilivyosonga, tabasamu liliongezeka na mtu mwenyewe akazidi kuwa mdogo kwenye picha, mandhari ikichukua nafasi. Lakini watu 52 ni wachache, tusiyageuze matembezi haya kuwa dawa.

Kwa nini baridi?

Kaskazini mwa dunia, miti ikishapukutisha majani, viota vilivyofichika majira yote ya joto huonekana. Theluji mpya imejaa vinafasi vya hewa vinavyomeza sauti, ndiyo maana mtaa hunyamaza ghafla.

Chembe ya theluji ikitua kwenye mkono wa koti jeusi, itazame kabla haijayeyuka: mara nyingi ina pembe sita, kwa jinsi molekuli za maji zinavyojipanga zikiganda. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alianza kuzipiga picha mwaka 1885, akafikisha zaidi ya 5,000.

Tahadhari

Barafu huteleza. Vaa viatu vyenye soli inayoshika.