Protini Zinazotembea na Ngozi ya Kinyonga: Jinsi Seli Inavyozalisha Mwendo, kwa Mfano wa Milima ya Uluguru

Milima ya Uluguru, inayoinuka kusini mwa mji wa Morogoro, ni makazi ya vinyonga wasiopatikana kwingineko duniani, akiwamo Kinyongia uluguruensis. Jenasi ya Kinyongia, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilipewa jina lililotokana na neno la Kiswahili kinyonga. Makala haya yanaeleza, kwa lugha iliyotoa jina hilo, jambo linalomfanya mnyama huyu aogopwe katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, yaani kubadilika kwa rangi yake. Hoja kuu ni kwamba kinyonga anapokolea weusi hatengenezi rangi mpya. Husafirisha ile aliyo nayo, na wasafirishaji ni protini zinazotembea.

Hapana budi kuweka mipaka ya mada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva kuhusu kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis, ulionesha kuwa rangi zake angavu hubadilika pale fuwele ndogo za guanini zinaposogeleana au kuachana. Kukolea na kufifia kwa weusi ni suala jingine. Hilo hutegemea seli ziitwazo melanofori, zenye vifuko vya melanini viitwavyo melanosomu. Vifuko vikikusanyika katikati ya seli, ngozi hufifia. Vikisambaa hadi kwenye matawi ya seli, ngozi hukolea. Kwa njia hiyo kinyonga huweza kujikoleza wakati wa asubuhi yenye baridi ili anyonye joto la jua.

Maelezo mengi ya utaratibu huu yametokana na melanofori za samaki na za chura Xenopus laevis zilizokuzwa maabara. Ndani yake mna mirija myembamba, mikrotubuli, iliyotandazwa kutoka katikati hadi pembezoni. Kila mrija una ncha mbili zisizofanana: ncha hasi huelekea katikati, ncha chanya huelekea pembezoni. Protini ya kinesini huelekea ncha chanya na kusambaza vifuko; protini ya daineini huelekea ncha hasi na kuvikusanya. Pembezoni, miosini huvishika vifuko kwenye nyuzi za aktini. Homoni huamua upande upi utawale.

Kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 katika neva za ngisi, ina vichwa viwili vinavyopokezana hatua. Molekuli ya ATP inapojishika kwenye kichwa cha mbele, shingo yake hujilaza na kukirusha kichwa cha nyuma mbele. Kisha ATP huvunjwa, na kichwa kilichobaki nyuma huachia mrija. Vipimo vya mwaka 1993 vilionesha kwamba kila hatua husogeza mzigo nanomita 8. Kwa kuwa kinesini huweza kuvuta kwa nguvu ya takriban pikonyutoni 6, kazi ya hatua moja hufikia karibu nusu ya nishati inayotolewa na ATP moja.

Mfano wa wakulima wanaoshusha ndizi kichwani kutoka miteremko ya Uluguru hadi sokoni Morogoro husaidia, lakini una kasoro. Mpagazi anajua aendako na anaweza kugeuka akitaka. Kinesini haijui lolote: hupigwapigwa na molekuli za maji kila upande, na kichwa chake huyumba ovyo kabla ya kushika. Kinachofanywa na ATP ni kuufanya mtikisiko huo uzae hatua za mbele kuliko za nyuma. Mwelekeo umo katika umbo la protini na la njia yenyewe, wala hautokani na kusudi.

Hitimisho hili lina uzito nje ya maabara. Katika Kiswahili, kinyonga ni mfano wa mtu kigeugeu, na kwa wengine kumwona ni ishara mbaya inayotosha kumuua. Lakini weusi wake si hila wala nuksi. Ni kazi inayolipiwa kwa nishati, hatua kwa hatua, na protini za jamii ileile zinazosafirisha mizigo katika neva za binadamu anayemkimbia.