Sauti ya Mtekaji: Filamu ya Taken na Mipaka ya Ushahidi wa Lafudhi



Filamu ya Taken, iliyoongozwa na Pierre Morel na kuanza kuonyeshwa nchini Ufaransa mwaka 2008, hufahamika zaidi kwa ngumi na risasi. Bryan Mills, jasusi mstaafu anayeigizwa na Liam Neeson, anamsaka binti yake, Kim, aliyetekwa nyara jijini Paris. Hata hivyo, mwanaisimu akiitazama kwa makini hubaini kuwa msako huo umejengwa juu ya sauti. Baba hakushuhudia tukio. Alicho nacho ni mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa. Kutokana na maneno machache, watekaji wanatambuliwa kuwa ni Waalbania, na hata eneo watokako linatajwa. Baadaye Mills anampa mmoja wao karatasi aitafsiri. Mtu huyo anatamka maneno mawili yale yale aliyoyatamka simuni, na baba anaitambua sauti.

Je, isimu ina uwezo huo? Jibu ni: kwa sehemu tu. Hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo filamu inayachanganya, yaani kutambua lahaja na kutambua msemaji.

Lahaja ni mali ya jamii. Tukimsikia mtu akisema teka kwa maana ya cheka, tutakisia kwamba makuzi yake yamegusana na lahaja za kaskazini, kama vile Kimvita au Kiamu, kuliko Kiunguja. Hatutajua jina lake wala alikozaliwa, kwani watu huhama, huoana na huigana.

Kumtambua msemaji ni kazi nzito zaidi. Simu ya kawaida ilizoea kupitisha mawimbi ya sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na hivyo sehemu ya sifa za sauti, hasa za vikwamizo kama /s/, hupotea. Aidha, sauti ya mtu hubadilika anaponong'ona, anapofoka au anapougua. Kwa hiyo maneno mawili hayatoshi. Mtaalamu mwangalifu hasemi "ndiye". Hupima ufanano huo ungetarajiwa kwa kiasi gani iwapo msemaji ni yule yule, na kwa kiasi gani iwapo ni mwingine.

Suala hili linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Nchini Uingereza, waomba hifadhi waliojitambulisha kuwa Wabajuni wa Somalia wamewahi kupimwa kwa lugha yao. Mtu aliyezaliwa katika visiwa vya kusini mwa Somalia, akakulia ukimbizini nchini Kenya, aweza kuzungumza Kiswahili kinachokaribia cha Mombasa, na kwa sababu hiyo tu akadhaniwa mwongo. Mwaka 2004, kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo unaosisitiza kuwa lugha huashiria jamii iliyomlea msemaji, wala haithibitishi uraia wake.

Katika filamu, baba hakosei kwa kuwa mwandishi ameshaamua kwamba sauti ile ni ya mhalifu. Mwanaisimu aitwaye mahakamani hana dhamana hiyo. Akikosea, asiye na hatia hufungwa, au mkimbizi hurudishwa alikokimbia. Ndiyo maana ripoti yake haina budi kueleza, pamoja na alichokisikia, mipaka ya kile ambacho sikio na mashine vinaweza kuthibitisha.